Pumzi ya Kumi na Mbili

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Daktari wa masikio aliyenipima Malindi alisema nimevaa hedifoni kwa miaka minane kama mtu aliyezaliwa nazo, na kwamba mluzi ninaousikia katika sikio la kushoto hautaondoka. Kinachowezekana ni kutouongezea. Ofisi ikanipa barua, keki na kalamu. Kalamu haiandiki.

Haya ninawaandikia ninyi wawili mliorithi meza yangu, ambao sasa mnarekodi mikutano ya hadhara ya kamati za bunge la kaunti na kuigeuza kuwa karatasi. Mliniomba mwongozo. Mwongozo uko kabatini, faili la kijani, na sijawahi kumwona mtu aliyesaidiwa nao. Nitawaeleza mambo yaliyonipata, mchague wenyewe la kuchukua. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa.

Mjue pia kwamba mimi si mwepesi wa kuamini. Chuo kikuu nilisomea takwimu, na nyumbani Idsowe tangu utotoni walinipa jina la Mbona, kwa kuwa ndilo neno nililoanza nalo kila asubuhi. Mkifika mwisho wa maelezo haya mkadhani nimebadilika, rudieni aya hii.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Mwanaisha wa Kipini, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameandika maneno ya watu wengine kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Alinionyesha vyombo vyetu: kinasa sauti chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, sifongo la kukifunika kisinase upepo, kanyagio la mguu la kurudisha sauti nyuma wakati wa kuandika, na betri alizokuwa akizipaka rangi ya kucha zikishatumika. Halafu akatoa kanga iliyokunjwa mara nne. Hiyo iliwekwa chini ya kinasa sauti ili watu wakigonga meza kwa hasira, na hugonga, mashine isisikie ngurumo. Hakuna mwongozo ulioandika habari ya kanga. Ikipotea, tafuteni nyingine. Kitambaa cha meza hakifai.

Kisha akanifundisha sheria zake mbili. Ya kwanza: ufike kabla ya watu, uwashe mashine, urekodi kimya cha mahali kwa dakika nzima. Nikauliza mbona. Akasema kila mahali pana kimya chake, na usipokijua hutaweza kutenganisha sauti iliyoletwa na watu na ile iliyokuwamo. Alisema kweli. Kimya cha Chara kina vyura na pampu ya maji. Kimya cha Idsowe kina malori yanayobadilisha gia barabarani. Garsen sokoni hakuna kimya, kuna watu wanaovuta pumzi ili waendelee.

Sheria ya pili: andika kilichotoka mdomoni, basi. Usiandike uso, wala nguo, wala harufu. Katika mwaka wangu wa kwanza tulirekodi mkutano wa malisho ambapo mzee mmoja alisimama, akaanza kuhesabu ng'ombe wake waliokufa kwa majina yao, akashindwa kumaliza. Nikaandika, "Alilia." Bi Mwanaisha akasoma, akanitazama.

"Kilio chake kilikuwa na maneno gani?"

"Hakikuwa na maneno."

"Basi mwanangu, kwetu hakikuwapo."

Nilibishana naye siku tatu. Alinisikiliza akitafuna tambuu, kisha akalikata lile neno kwa wino mwekundu. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nikikata mwenyewe, kwa haraka na bila kuuma meno, na nikaanza kujiona fundi. Kumbukeni hapo. Ndipo kosa langu lilipoanza kukua, na lilichukua miaka sita kukomaa.

Miaka hiyo sita ilikuwa ya mipaka ya mashamba, visima, na mafuriko. Nilijifunza kusubiri mkalimani wa Kiorma amalize kabla ya kuinua kichwa. Nilijifunza kwamba anayesema "nina neno moja tu" anahitaji betri mpya. Nilijifunza kula wali wa mkutano kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishika kitufe cha sauti, jambo ambalo mama yangu alipoliona mara moja alifumba macho.

Halafu ukaja mswada wa tumbaku.

Ulikuwa mfupi. Ulitaka maduka yanayouza sigara na vepu, zile sigara za umeme ambazo vijana huzibeba kama kalamu za kung'arisha maandishi, yawe na leseni na yakae mbali na shule. Kifungu cha sita ndicho kilichokuwa na meno: kilikataza kabisa kuuzwa kwa zile zenye ladha, za embe, stroberi, peremende na barafu. Ndani ya kamati kulikuwa na waliosema kifungu hicho ndicho mswada wenyewe, na waliosema kitaua biashara ndogo bila sababu. Wakakubaliana jambo moja: wananchi wa mtoni waulizwe. Kama wana malalamiko kuhusu ladha, kifungu kitabaki. Kama hawana, kitaondolewa. Tukapewa gari, dereva na vituo vinne: Garsen, Idsowe, Chara, Kulesa.

Bi Mwanaisha hakujificha. Njiani alituambia kwamba yeye tumbaku yake ya tambuu ataendelea kuitafuna, mswada au hakuna mswada. "Lakini yangu ni chungu kama inavyostahili kuwa chungu," alisema. "Sikudanganywa na kitu."

Garsen walikuja wengi. Kassim, mwenye duka la chaja na vioo vya simu, alisimama na kuzungumza vizuri. Sitamfanya mbaya kwa sababu hakuwa mbaya. Alisema akiacha yeye, zitaagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda, na huyo hataulizwa umri na mtu.

"Mimi nauliza," alisema. "Kijana akiniambia ana kumi na nane, nitamkagua wapi, kwenye meno?"

Mzee Guyo, mfugaji aliyekuwa amekaa mbele akiegemea fimbo, aliongea kwa Kiorma kwa utaratibu, na mkalimani akatafsiri akijizuia kucheka: "Mzee anasema ng'ombe tunawakagua kwenye meno, na hatujawahi kukosea. Ukishindwa, umwite yeye akukagulie."

Ukumbi ukaangua kicheko. Niliandika, "(Kicheko.)" Kicheko kinaruhusiwa, msiniulize mbona, niliuliza na sikujibiwa.

Idsowe ndipo lilipoanza jambo nisilolipenda. Tulikutana katika darasa. Nilirekodi kimya, malori yakapita, watu wakaingia. Katikati ya mkutano, pakanuka embe. Si harufu ya embe lililooza wala ya mti. Ni embe bivu lililokatwa muda huohuo, tamu kupita kiasi, kama mtu amelipasua chini ya pua yako. Msimu ulikuwa umekwisha miezi mingi. Nimezaliwa hapo, najua miti yote ilivyokuwa, majani matupu. Nikageuka. Wanafunzi waliokuwa nyuma walikuwa wamekaa na mikono juu ya magoti, wote, kama picha ya shule. Mwalimu alikwenda kufungua madirisha ambayo tayari yalikuwa wazi. Kila mtu mle ndani alinusa, na kila aliyesimama alisema watoto wa Idsowe hawavijui vitu hivyo. Nikaandika maneno yao. Harufu haina maneno.

Chara, mama mmoja anayeuza samaki wakavu alisema njia ya kuelekea mashambani siku hizi wanaipita wawili wawili. Alisema harufu ya matunda huwatangulia. "Tunaisikia mbele yetu," alisema, "tukifika hakuna mtu, na hakuna tunda. Tunatembea, iko mbele tena." Mwenyekiti wa kamati akamuuliza kama ana malalamiko kuhusu mswada. Akasema hapana, anaeleza tu. Maneno yake yaliandikwa, kisha karani aliyepanga maoni akayaweka chini ya kichwa "Imani za wenyeji", ukurasa wa mwisho, ambao hausomwi.

Nilijiambia nisiwe na wasiwasi. Mvuke ni mwepesi, unakaa hewani kusipokuwa na upepo, na vijana wana miguu ya kukimbia. Maelezo yalitosha. Hata hivyo, tulipotoka Chara, niligundua kwamba dereva alikuwa amefungua vioo vyote vya gari, na hakuna aliyemwambia afungue.

Kulesa ilikuwa ya mwisho. Tulipewa ukumbi wa kanisa, chumba kirefu chenye mabenchi na paa la bati. Nilifika mapema na Bi Mwanaisha, tukatandika kanga, tukawasha mashine, tukasimama dakika nzima bila kusogea. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Njiwa wawili juu. Kwingine shwari. Halafu watu wakaja.

Maoni yalikuwa machache na baridi. Wakulima walitaka kuongea juu ya kingo za mto zinazomeguka, na mwenyekiti akawarudisha kwenye tumbaku mara tatu. Tulipokuwa karibu kufunga, mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mwanamke wa makamo aliyevaa leso ya buluu, vumbi la barabara likiwa limemjaa hadi magotini. Mtu aliyekaa karibu nami alinong'ona kwamba huyo ni Mama Jillo. Alikuja moja kwa moja hadi mbele, akafungua ncha ya leso, akatoa kitu kirefu kama kidole, rangi ya chungwa, akakiweka juu ya kanga, kando kabisa ya kinasa sauti. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, karibu," alisema mwenyekiti. "Jina lako, halafu maoni yako."

Hakujibu. Hakuwa na hasira, hakuwa na machozi. Alikuwa akikitazama kile kitu kama mtu anayemngoja mwenziwe aanze.

Kisha kikaanza. Taa ndogo ya buluu iliwaka kwenye ncha yake, na kikatoa sauti: hewa inayovutwa taratibu, na ndani yake mchakacho mwembamba kama mafuta yanayokaribia kuchemka. Moshi mweupe ukatoka kidogo upande wa mdomo. Taa ikazimika. Hakuna mkono uliokigusa. Baada ya muda kikarudia, taa, pumzi, mchakacho, moshi. Na ile harufu ya embe ikasimama katikati ya kanisa.

Mwanamke mmoja aliinuka akatoka na watoto wake bila kuaga. Hakuna mwingine aliyesogea. Kilivuta, kikanyamaza, kikavuta. Hatimaye mwenyekiti akakohoa, akasema asante mama, tumekuona, na akafunga mkutano kwa maombi. Mama Jillo akatoka alivyoingia. Karani alikiokota kile kitu kwa karatasi, kama mtu anayeokota mdudu, akakitia katika bahasha na kuandika juu yake "Kielelezo".

Mimi nikaandika: "Mama mmoja alisimama mbele. Hakuzungumza."

Sikusita hata kidogo. Ilikuwa sentensi safi.

Wiki mbili baadaye rasimu ya ripoti ilikuwa tayari. Chini ya Kulesa ilisema wananchi hawakutoa malalamiko yoyote kuhusu ladha. Chini ya Idsowe na Chara, vilevile. Kwa sababu hiyo, rasimu iliendelea, kamati inapendekeza kifungu cha sita kiondolewe. Ingewasilishwa Alhamisi. Jumatatu, saa za mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, Mama Jillo akaingia ofisini.

Nilimpa kiti. Alikaa ukingoni, mikono juu ya mapaja, akaniuliza jina langu, akaniuliza nyumbani wapi, nikamwambia Idsowe, akataja watu wawili ninaowajua, akaniuliza hali zao. Tulipomaliza akasema, "Dada wa mashine, siku ile mliandika nini?"

Nikamsomea. Maneno yenyewe ni machache, yaliisha kabla hajapata nafasi ya kuinua macho.

"Ni kweli sikusema," alisema. "Mimi nilileta mtu wa kusema. Yeye hamkumwandika."

Kisha akanieleza, kwa Kiswahili cha mkato kilichochanganyika na Kipokomo, ambacho nakisikia vizuri. Jillo alikuwa mwanawe wa pekee, kidato cha tatu. Alianza kukohoa wakati wa mvua. Akapelekwa hospitali, akawekewa hewa, akakaa siku tisa, siku ya kumi akafa. Nilimuuliza, kwa sababu mimi ni mimi, kama daktari alisema ni vepu. Alisema daktari alisema mapafu. Zaidi ya hapo hakusema, na yeye mama hakutaka kumwekea daktari maneno kinywani. Lakini baada ya mazishi, adhuhuri moja, nyumba ikiwa tupu na yeye amekaa mlangoni anachambua mboga, alisikia mtu akipumua chumbani kwa Jillo. Akaingia. Chini ya godoro akakuta kile kitu kikivuta chenyewe, kitanda chote kinanuka embe.

"Kilikuwa kinavuta vile anavyovuta yeye," alisema. "Kule mwisho, kwenye ile hewa ya hospitali. Vilevile."

Nikamweleza kuhusu unyevu. Ndani ya vifaa hivyo kuna kijisehemu kinachohisi mvuto wa hewa ndipo kinawasha moto, na kikipata unyevu, kama ule wa kwetu wa mtoni, kinadanganyika na kujiwasha. Ni hitilafu inayojulikana. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Na chaji?" nikauliza. "Betri ile ingekwisha siku mbili, tatu."

Alitazama chini. "Naichaji," alisema. "Waya wa simu unaingia."

Sikuwa na swali lingine. Ni mara chache hali hiyo inanipata.

Hakuomba pesa wala hakuomba pole. Alitaka kifungu kile kibaki, kwa sababu katika darasa la Jillo kuna wengine saba wanaonuka embe, na anawajua kwa majina, na mama zao wanaona haya kusimama mbele ya mchungaji na kusema watoto wao wanavuta. Yeye pia aliona haya. Ndiyo maana alikileta kiseme chenyewe. Akainuka, akaniaga, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Kanuni zetu, kama mnavyojua, zinaruhusu kumbukumbu zilizokwisha kutiwa sahihi kusahihishwa na mtu mmoja tu, yule aliyerekodi, kabla ripoti haijawasilishwa. Ni lazima aandike kwamba alikosea. Katika miaka minane niliyokaa pale hakuna mwingine aliyewahi kuitumia ruhusa hiyo, kwa kuwa sote tulikuwa hodari.

Nikavaa hedifoni, nikafungua sauti ya Kulesa, nikahesabu. Kuanzia pale kilipowekwa juu ya kanga hadi maombi ya kufunga, kilivuta mara kumi na moja. Niliandika dakika na nukta ya kila moja. Halafu nikakanyaga kanyagio kurudi nyuma ili nianze upya, nikalikanyaga kupita kiasi, na sauti ikarudi hadi mwanzo kabisa, kwenye dakika ya kimya.

Bati linalia. Njiwa. Kisha, karibu na nukta ya arobaini, hewa ikavutwa taratibu, na mchakacho mwembamba ndani yake.

Nikavua hedifoni. Wakati huo mluzi wa sikio ulikuwa umeanza, na jambo la kwanza nililoshuku ni sikio langu. Nikavaa kinyume, sikio la kulia upande wa kushoto. Ikawa palepale, nukta ya arobaini. Nikaiangalia kwenye skrini, ile michoro ya mawimbi: umbo lake lilikuwa ndugu na yale kumi na moja. Nikatafuta maelezo. Labda mama alikuwa amesimama nje ya dirisha. Nikatazama daftari la mahudhurio: alitia sahihi mlangoni akiwa wa mwisho kabisa. Nikampigia aliyemleta, mwanabodaboda wa Garsen ambaye namba yake niliipata kwa kijana wa kanisa. Alisema walipasukiwa na tairi akamfikisha mkutano ukikaribia kwisha, na kwamba mama yule alikuwa akihangaika njia nzima kwamba wamechelewa. Labda kijana mwingine alikuwa na kifaa chake karibu na ukumbi. Inawezekana. Hilo ndilo lililobaki, na nililishika kwa mikono miwili.

Bi Mwanaisha aliporudi nilimpa hedifoni bila kumwambia kitu. Alisikiza dakika ile akiwa amefumba macho. Akazivua, akatema tambuu yake katika kopo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa za kutoka.

"Sisi tulikuwa wawili mle ndani," alisema. "Milango tulifunga."

"Labda nje."

"Labda," alisema. Kisha akasema, "Andika, mwanangu. Mimi nilikufunza vibaya."

Jumatano nikasimama mbele ya kamati, mahali ambapo watu wa mashine hawasimami. Niliandika masahihisho yangu hivi: "Mama Jillo wa Kulesa hakuzungumza. Aliweka mbele ya kamati kifaa cha marehemu mwanawe. Kifaa kilivuta pumzi mara kumi na moja, kikatoa moshi wenye harufu ya embe. Aliyerekodi alikosea kutoandika." Niliweka kumi na moja kwa sababu ndizo nilizoweza kuzieleza. Ya kumi na mbili ilibaki kati ya Bi Mwanaisha na mimi.

Mwenyekiti hakuwa mkali. "Dada," alisema, "tunasikitika na mama. Lakini pumzi si maoni."

"Ni kweli, mheshimiwa," nilisema. "Kimya nacho si maoni. Lakini ripoti imekihesabu kuwa maoni, kwamba Kulesa hawana malalamiko. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba pale palikuwa na kimya. Hapakuwa na kimya."

Akaniruhusu niwasikilizishe rekodi. Niliiweka kwenye spika ndogo, katikati ya chupa za maji. Kuanzia pumzi ya tatu hakuna aliyekuwa akiandika. Kwenye ya saba, mwakilishi mmoja mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akikipinga kifungu tangu mwanzo, aliinua kichwa akanusa hewa, na akatazama ile bahasha ya kielelezo iliyokuwa mbele ya karani. Sote tulinusa. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, na kifaa kilichokuwa ndani hakikuwa kimeguswa na chaja kwa wiki mbili na ushei. Gundi ya bahasha zetu ni mbovu, hilo mnalijua, na betri nyingine hudumu. Nayasema haya kwa ajili ya kumbukumbu.

Yule mwakilishi alisema taratibu kwamba mwanawe wa kidato cha pili ananuka hivyo, na kwamba yeye alidhani ni sabuni.

Kifungu cha sita kikarudi katika ripoti, na maneno ya mama wa Chara yakatolewa ukurasa wa mwisho yakaletwa mbele. Mswada ulipita nacho. Sitawadanganya kwamba vepu zimekwisha Garsen. Kassim aliacha, lakini alibashiri sawa kuhusu bodaboda. Ila darasani Kulesa mwalimu sasa ana karatasi ya kumwonyesha mwuzaji, na anaitumia.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliomba nikirudishe kielelezo kwa mwenyewe, maana kanuni inasema vielelezo hurudi. Nilikwenda Kulesa asubuhi ya siku ya mwisho. Mama Jillo alikuwa ameanika mpunga juu ya turubai, akaniletea kiti na chai. Nikampa bahasha. Aliishika bila kuifungua, akaipima uzito kama barua, na hakuniuliza kuhusu waya. Akasema, "Nisomee mlichoandika."

Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye pumzi kumi na moja akanikatiza.

"Kumi na mbili."

Nikamwambia nimehesabu mara nyingi, kuanzia alipokiweka mezani.

"Hizo ni za mezani," alisema. Alikuwa akigeuza mpunga kwa kiganja, bila haraka. "Mimi nilichelewa, tairi lilipasuka. Yeye alitangulia."

Sikuwa nimemwambia. Bi Mwanaisha anasema hata yeye hakumwambia, na ninamwamini, kwa sababu hajawahi kunidanganya hata nilipotamani anidanganye. Mwanabodaboda hakujua. Nimeyapanga majibu yote yanayowezekana, moja baada ya jingine, kama nilivyofunzwa chuoni, na bado ninayapanga.

Siku ileile nilirudi ofisini, nikatoa kumbukumbu za Kulesa kabatini, na kwa kuwa meza ilikuwa bado yangu hadi saa kumi na moja jioni, ingawa kanuni haikuniruhusu tena baada ya ripoti kuwasilishwa, nikakata "kumi na moja" kwa wino mwekundu, nikaandika "kumi na mbili", nikatia sahihi. Ni sahihisho langu la mwisho. Sina maelezo yake, na msiliondoe.

Kanga iko droo ya chini. Fikeni kabla ya watu. Rekodini kimya dakika nzima, na mkirudi, kabla ya kuandika neno la mtu yeyote, kisikilizeni hicho kwanza.